Mtandao upi, mwanangu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina duka la vyombo vya muziki hapa Mwanza. Mzigo wangu mpya una sabufa na amplifaya zenye tundu la waya wa mtandao kwa nyuma, na nyingine zinashika waifai. Wateja wengi wanashindwa kuzitumia, kwa hiyo naandaa karatasi ya maelekezo ya Kiswahili niwape pamoja na risiti. Mimi nimeandika "Unganisha sabufa na mtandao." Mume wangu anasema ni "kwenye mtandao." Tumebishana siku mbili. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mko sahihi wote wawili. Ukisema "unganisha na", unaviona vitu viwili vikikutana, kila kimoja na hadhi yake, kama vile barabara inavyounganisha Mwanza na Shinyanga. Ukisema "unganisha kwenye", unaona kimoja ni kikubwa na kingine kinaongezwa juu yake, kama nyumba inayounganishwa kwenye bomba kuu la maji. Kwa kuwa sabufa ndiyo inayoongezwa, mumeo anakutangulia hatua moja ndogo. Sentensi yako nayo haina kosa. Ugomvi huo umalizeni leo.

Wangu ndio unaanza, kwa sababu neno la mwisho katika sentensi zenu zote mbili hamkulibishania hata kidogo. Mtandao upi?

Kabla sijafika huko, niseme kidogo kuhusu sabufa, maana najua kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Ni kweli kwamba sabufa ni spika moja tu ya besi, lile boksi linalokaa sakafuni na kutikisa vioo vya dirisha, na kwamba sisi tulichukua jina la spika hiyo tukaipa seti nzima pamoja na vispika vyake vya pembeni. Nililipinga jambo hilo miaka mingi, kisha nikaliacha. Mteja akiomba sabufa dukani kwako anapewa seti, anaondoka na alichokitaka, hakuna aliyepotezwa njia. Neno linalofanya kazi yake hivyo sina sababu ya kulipiga mawe.

"Mtandao" linapoteza watu njia, na linawapotezea fedha. Kosa si la neno lenyewe. Asili yake ni nzuri: kutanda, kile kitendo cha mawingu kuenea angani kabla ya mvua. Humo ndimo tulimopata kitanda, ambacho zamani kilikuwa kamba zilizotandwa kwenye fremu, na utando wa buibui, nyuzi nyembamba zilizofungwa huku na huku hadi zikawa kitu kimoja. Aliyelichukua neno hilo akaliita jina la vitu vingi vilivyoshikana alikuwa na sikio zuri. Mtandao wa barabara, mtandao wa mabomba ya maji, mtandao wa wakulima: yote ni Kiswahili safi. Hata wanasiasa walilitumia vizuri. Watu waliposema "wanamtandao" Tanzania mwaka 2005, kila mtu alielewa ni watu walioshikana nyuma ya mgombea mmoja.

Kisha ikaja intaneti, nasi tukaichukulia jina hilohilo. Kama tungeishia hapo ningevumilia. Lakini leo tovuti ni mtandao ("tembelea mtandao wetu"), kampuni ya simu ni mtandao ("unatumia mtandao gani?"), mawimbi ya simu ni mtandao ("huku kijijini mtandao haushiki"), kompyuta ya benki ikigoma ni mtandao ("mtandao unasumbua, njoo kesho"). Ilipotungwa sheria ya mwaka 2015, nayo watu wakaiita Sheria ya Makosa ya Mtandao. Neno moja limebebeshwa mizigo ya punda sita, na mzigo wake wa kwanza, ule wa vitu vilivyoshikana pamoja, umeanguka njiani bila mtu kuuona.

Nikupe mfano mmoja, na nitakaa nao, kwa sababu niliuona kwa macho yangu na bado unaniuma.

Shemeji yangu anakaa Tabata. Ni mpenzi wa dansi la zamani na taarabu, na kwa miaka mingi amekuwa akihamisha CD zake moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ndogo, mpaka sasa ana nyimbo ambazo huwezi kuzimaliza kwa mwezi. Alinunua amplifaya kama hizo unazouza wewe. Akaiweka kwenye kabati la sebuleni, dada yangu akaifunika kitambaa cha kufuma, na ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kiswahili yenye sentensi hii: "Unganisha kifaa na mtandao ili kucheza nyimbo zilizo kwenye kompyuta yako."

Aliyeitafsiri hakukosea. Alimaanisha mtandao wa nyumbani: vifaa vya nyumba moja vilivyoshikana kupitia ruta, kile kiboksi kinachorusha waifai ndani ya nyumba. Shemeji naye hakukosea, kwa sababu kwa Kiswahili anachokisikia kila siku redioni, mtandao ni intaneti, na intaneti ni bando. Akanunua bando kwa ajili ya ruta. Akaunganisha, nyimbo zikapiga, akafurahi. Bando lilipokwisha akazima amplifaya na kurudishia kitambaa. Wiki iliyofuata akanunua tena. Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miezi minne, akiamini kwamba kila wimbo anaousikiliza unakula MB zake, wakati waliokuwa wakizila ni watoto wake na simu zao kule chumbani.

Nilikwenda kumtembelea Jumapili moja, nikakuta nyumba kimya. Bando lilikuwa limekwisha tangu Ijumaa. Nikamwomba mpwa wangu alete kompyuta ya baba yake na aiwashe, basi. Nikaenda kuitazama ruta: taa ya waifai ilikuwa kijani, taa ya intaneti nyekundu. Nikaondoa kitambaa, nikawasha amplifaya, nikashuka kwenye orodha ya kioo chake kidogo mpaka jina la kompyuta likatokea. Nikabonyeza. Magitaa yakaingia, sauti ikajaa sebuleni.

Shemeji akasimama. Hakutazama amplifaya, alitazama ile taa nyekundu kwenye ruta. Akasema, "Lakini mtandao hakuna!"

Isome sentensi hiyo mara mbili, mwanangu, kwa sababu humo ndimo kuna kesi yangu yote. Mtandao ulikuwepo. Kompyuta, ruta na amplifaya vilikuwa vimeshikana kama nyuzi za utando, na wimbo ulitoka kwenye kimoja ukapita kwenye cha pili na kuingia kwenye cha tatu bila kutoka nje ya mlango. Kilichokosekana ni intaneti. Ruta huvipa vifaa vya ndani anwani zao, mara nyingi zinazoanza na 192.168, na anwani za namna hiyo zilitengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu. Haziwezi hata kusafiri kwenye intaneti. Mtu mwenye akili timamu, anayejua kusoma, alikaa kimya siku nyingi akiwa na nyimbo zake mwenyewe mita tatu kutoka kwenye spika zake mwenyewe, kwa sababu lugha yake haikumpa maneno mawili kwa vitu viwili.

Na hesabu yake si ndogo. Muziki unaotoka intaneti kwa kiwango cha juu cha kawaida, kilobiti 320 kwa sekunde, hutumia takriban MB 144 kwa saa, maana yake GB 1 inakwisha kwa saa 7 hivi. Nyimbo zinazotoka kwenye kompyuta ya nyumbani hazitumii bando hata kidogo, ukisikiliza saa 7 au saa 700.

Usidhani kazi hii ya kuupitisha muziki ndani ya nyumba ni ya jana. Mwaka 2004 Apple walitoa kiboksi cha kuchomeka ukutani, AirPort Express, chenye tundu la waya wa spika, nacho kikaifanya redio ya zamani ipokee nyimbo za kompyuta kwa waifai. Mwaka 2015 Google wakatoa Chromecast Audio kwa dola 35, kiduara cha kushika kiganjani ambacho kiliifanyia kazi hiyo sabufa yoyote yenye tundu la kuingizia sauti. Wakaacha kukitengeneza mwaka 2019, ila ukikikuta kwa muuza mitumba bado kina kazi. Ni kweli vifaa vingine hudai intaneti siku ya kuvifunga, na vingine haviendi kabisa bila hiyo. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwambia mteja waziwazi ni kipi kinachotakiwa lini, na huwezi kumwambia kama vyote viwili unaviita mtandao.

Wapo watakaonijibu kwamba muktadha utaamua. Muktadha haukuamua kule Tabata. Wapo pia watakaosema, na hawa ndio wananiudhi zaidi, kwamba "intaneti" ni neno la kigeni na "mtandao" ni letu, hivyo tulienzi la kwetu. Kitabu ni neno la wapi? Na meza? Na shule? Hakuna mzalendo anayekataa kukaa mezani. Kumwenzi mzee wako si kumbebesha magunia sita kwa kuwa tu ni wa ukoo wako. Anayelipenda neno "mtandao" kwa dhati alirudishie maana yake.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Liweke neno katika wingi. Mitandao ni mingi: wa nyumba yangu, wa nyumba yako, wa chuo, wa benki. Intaneti ni moja, na ilipatikana kwa kuiunganisha mitandao hiyo yote. Ni mtandao wa mitandao. Sasa chukua lugha yao, ambamo mtandao na intaneti ni kitu kimoja, ujaribu kumweleza mwanafunzi jambo hilo. Utamwambia kwamba intaneti ni intaneti ya intaneti, naye atakwenda kulala.

Kinachonipa moyo ni kwamba mitaani wameshalitatua jambo hili. Kaa nusu saa na fundi Kariakoo umsikilize. Atakwambia, "Waifai imeshika, ila bando hakuna." Vitu viwili, maneno mawili, hakuna aliyepotea. Kila mtoto anajua kwamba Bluetooth haili bando. Ukimwambia kwamba waifai nayo haili bando, ila kinachopita juu yake kutoka nje ndicho kinacholila, ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Wanaotuchelewesha ni sisi wa kalamu: waandishi wa habari, watafsiri, watunga matangazo. Fundi hawezi kumudu kutoeleweka, maana mteja atarudi na kifaa mkononi akidai fedha yake. Mwandishi harudishiwi kitu.

Kwa hiyo sikuombi ulitupe neno "mtandao". Naomba lisitembee peke yake. Ukimaanisha vifaa vya ndani vilivyoshikana, andika "mtandao wa nyumbani." Ukimaanisha ile ya dunia nzima, andika "intaneti," bila aibu na bila alama za kunukuu. Tovuti iite tovuti. Kampuni ya simu ni kampuni ya simu. Na kwa lile tundu la nyuma, ulivyoandika "waya wa mtandao" ni sawa, kwa sababu waya huo unaishia kwenye ruta, haujali kama kuna bando au hakuna.

Basi karatasi yako nimeiandika upya. Ibandike dukani pia ukipenda, na mumeo mwachie hiyo "kwenye" yake:

"Unganisha sabufa kwenye mtandao wa nyumbani, kwa waya kutoka kwenye ruta au kwa waifai. Kucheza nyimbo zilizo kwenye kompyuta yako, bando halihitajiki. Kucheza nyimbo kutoka intaneti, bando linahitajika. Kabla ya kununua, tuulize kama kifaa ulichochagua kinadai intaneti siku ya kukifunga."