Ojalá si inshallah: kwa Mswahili anayeanza Kihispania au Kireno

Ukianza Kihispania utakutana na ojalá, na moyo utakwambia huyu ni ndugu wa inshallah. Wareno huandika oxalá na kutamka "oshala". Ni ndugu kweli: limetoka katika Kiarabu cha Andalusia, law sha Allah, lau Mungu angependa. Waislamu waliingia Iberia, rasi ya Hispania na Ureno, mwaka 711, Granada ikaanguka 1492, neno likabaki vinywani mwa Wakristo. Kihispania cha kale nacho kilikuwa na "sh" hapo. Baadaye ikageuka "kh".

Udugu huo ndio ulioniponza nilipoanza ukalimani. Mama mmoja alimwalika mgeni wangu chakula cha mchana kesho yake. Mgeni akaweka mkono kifuani: "¡Ojalá pudiera!" Nikamgeukia mama, nikasema, "Inshallah, anasema." Kesho yake pilau ilikaa kwenye sinia chini ya kawa mpaka alasiri. Mgeni alikuwa amesema, "Laiti ningeweza." Aliomba udhuru kwa heshima, mimi nikaufanya ahadi. Nilikwenda kumwomba radhi mama yule, na hadi leo naiona ile kawa.

Basi litazame neno lenyewe. Inshallah imeanza na "in", yaani "ikiwa". Ojalá imeanza na "law", lau hii hii ya "lau ningejua". Shika hiyo lau na hutapotea: ojalá ni neno la kutamani, halimwahidi mtu chochote. Ukitaka inshallah ya kukubali mwaliko, Mhispania husema si Dios quiere, Mreno se Deus quiser.

Kitenzi kinachofuata pia kina masharti, ila hapa Kiswahili kinakubeba. Sema ojalá llegue, "afike", kamwe si ojalá llega. Jambo likishapita, ojalá hubiera venido: laiti angalikuja. Mimi kila zoezi nililitafsiri kwanza kwa "laiti" au kwa kitenzi cha -e, ndipo nikaandika.

Wa Kireno, jueni kwamba Brazili mitaani utasikia zaidi tomara que. Oxalá hukaa zaidi kwenye maandishi. Na ukiona Oxalá kwa herufi kubwa katika habari za Candomblé, dini ya Brazili yenye asili ya Afrika, huyo ni orixá, yaani mungu wa dini hiyo, jina lililotoka kwa Wayoruba. Usimtafutie asili ya Kiarabu.