Birika Liko Stoo: Kwa Vijana Wanaoanza Kubeba Bunduki

Kamwene, wanangu. Jumamosi nilikaa nyuma yenu uwanja wa shabaha, kimya, na chupa yangu ya chai. Mmoja alipiga magazini mbili mfululizo bila kuipumzisha bunduki. Mwenzake akasokomeza fimbo ya chuma kupitia mdomo wa mtutu kama anazibua bomba la choo. Macho mnayo na moyo mnao, nimefurahi. Lakini bunduki hizo ziliwatangulia kuzaliwa, na kwa mwendo ule mtazizika ninyi.

1. Ipumzishe. Kinachoungua kwanza ni koo, pale mbele ya chemba (chumba risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ambapo risasi inaanza kuumana na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Moto wa baruti hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na chuma huyeyuka kwenye 1,500 hivi. Mtutu unapona kwa sababu moto huo unaugusa kufumba na kufumbua tu, ukiwa bado wa baridi. Ukimimina risasi, baridi hiyo unaimaliza. Waingereza waliliona hilo kwenye .303, bunduki ya jeshi lao: kordaiti (baruti isiyo na moshi) waliyoanza nayo mwaka 1891 ilikuwa na nitrogliserini, kilipuzi chenye moto mkali, asilimia 58, ikala mitutu vibaya, na mwaka 1901 wakaleta nyingine yenye asilimia 30. Marekani wapo wapiga shabaha wanaojipakilia risasi wenyewe na kupunguza baruti ili mtutu udumu. Wewe unapewa risasi za kiwandani, zimehesabiwa na umezisainia, kwa hiyo usiguse ganda. Baruti isiyofaa ikiwa pungufu ndani ya ganda kubwa inaweza kupasua bunduki usoni mwako. Unachoweza kupunguza ni haraka. Piga tano, fungua boliti, kile chuma kinachofunga chemba, subiri. Ukishika mtutu na kiganja kikashindwa kutulia hadi uhesabu kumi, bado haujapoa. Hata tembo wakiwa kwenye mpunga wa Pawaga na kijiji kizima kinapiga madebe, risasi ya kutishia iliyopigwa kwa kituo inatosha.

2. Osha kwa maji. Nasema maji. Nilipoanza kazi nilikabidhiwa .303 ya mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu. Alikuwa ameibeba miaka 19, na kitako kilishang'aa pale shavu lake lilipozoea kulala. Tukaenda kwenye shabaha na risasi za zamani za jeshi. Fataki za risasi hizo, zile za kitakoni zinazowasha baruti, zina kloreti ya potasiamu, na ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu kabisa wa chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani, na mafuta hayaiyeyushi. Yanaifunika tu, ikaendelea kula chuma chini kwa chini. Yote hayo mzee alikuwa amenieleza. Jioni ile mvua ilikuwa inakuja, nimechoka, na kuni za kuchemshia maji zimelowa. Nikapitisha kitambaa chenye mafuta mara nne, mtutu ukang'aa kama kioo. Mzee akapita akaniuliza, "Umeosha?" Nikamjibu, "Nimeosha, mzee."

Wiki tatu baadaye, katikati ya masika, alitaka kuitazama bunduki yake. Akatoa boliti, akaelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlango. Akatazama muda mrefu. Halafu akanipa nami nitazame: kahawia tupu kutoka kooni hadi katikati, vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Sikupata neno la kusema. Yeye pia hakusema kitu. Alikwenda jikoni, akaleta birika na faneli, akachemsha maji na kuyamimina kupitia chemba polepole, ingawa wote wawili tulijua haitasaidia. Bunduki ile haikurudi tena kupiga mahali pamoja. Alistaafu bila kunisema kwa mkuu wetu. Ningemshukuru zaidi kama angenisema.

Kwa hiyo: maji yanayochemka siku hiyohiyo, vitambaa vikavu hadi kitoke cheupe, ndipo mafuta. Na mafuta hayo yafute kabla ya kupiga tena, maana risasi ya kwanza itapotea.

3. Fimbo iingie kutokea chemba. Ukingo wa mdomo ukichubuka upande mmoja, risasi inasukumwa pembeni.

4. Kila asubuhi, kabla ya kuweka risasi, fungua boliti uone mwanga upande wa pili. Nyigu hujenga kwa udongo popote penye tundu, na mtutu ulioziba ukipigwa huvimba au hupasuka. Juzi nimetoa kiota kizima kwenye bunduki ya mmoja wenu. Jina silitaji. Birika liko stoo, rafu ya chini, na faneli iko ndani yake. Aje kabla ya chai.