Gemu fupi ya upelelezi: kabla hujalipa, tazama nyundo inatumika mara ngapi

Jumamosi moja mvua ilitufungia ndani kutwa nzima. Shangazi akaacha cherehani yake, akaja kukaa nyuma yangu atazame ninachohangaika nacho kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekwama. Mbele yangu chumba kimejaa makorokoro, chini ya kioo orodha ya vitu kumi na viwili, na kumi na kimoja nimeshavipata. Kilichobaki kiliandikwa “thimble”. Nikafungua kamusi: kastabini. Shangazi akacheka, akanyoosha kidole kilichovaa kastabini mpaka kwenye kinara cha mshumaa. “Si hiyo hapo! Muda wote huo unatafuta nini?”

Tangu siku hiyo tunacheza wawili, na tumemaliza gemu za kutosha za kutafuta vitu vilivyofichwa kiasi kwamba naweza kukushauri.

Aina hii ilipata umaarufu mkubwa mwaka 2005, Big Fish Games walipotoa Mystery Case Files: Huntsville. Mwanzoni ilikuwa kutafuta vitu tu; baadaye vikaongezwa mafumbo, mkoba wa kubebea zana na kisa cha kukuvuta. Nyingi humalizika kwa saa tatu hadi tano, na hapo ndipo watu hulalamika: nimelipa, halafu jioni moja tu imekwisha! Mimi silalamiki. Gemu kubwa nilizoziacha njiani ni nyingi kuliko nilizomaliza, maana ukirudi baada ya wiki mbili hukumbuki ulikuwa unamfukuza nani. Hii fupi unaianza Jumamosi, Jumapili umeshamjua mwovu. Tena nyingi hazihitaji intaneti ukishazipakua, na kompyuta kuukuu inazimudu.

Kasoro yenyewe iko kwingine. Kuna moja, jina nitalihifadhi, iliyonipa nyundo nivunjie dirisha. Nikavunja, nyundo ikatoweka mkobani. Chumba cha pili nikakuta kabati la kioo, nikaambiwa nitafute jiwe. Nina kisu mkononi, lakini kamba haikatiki mpaka upatikane mkasi! Shangazi, ambaye maisha yake yote amekata kila kitu kwa wembe mmoja, alinyanyuka akaenda kuinjika chai. Kisha tukarudishwa stoo ileile mara ya tatu kutafuta yaleyale makorokoro, na mwisho mwovu akawa yule bwana mmoja pekee aliyewahi kuzungumza nasi. Alikiri kwa sentensi mbili. Gemu ya saa tatu haina nafasi ya kupoteza namna hiyo. Ukitoa zile safari za kwenda na kurudi, kisa kilichobaki hakijazi hata saa moja.

Linganisha na Enigmatis: The Ghosts of Maple Creek, ya mwaka 2011, kutoka kwa Artifex Mundi wa Poland. Nayo si ndefu. Wewe ni mpelelezi, unamtafuta msichana aliyepotea, na kuna ubao wa ushahidi unaobandika picha na karatasi ulizookota, kisha unaziunganisha mwenyewe. Kitu ulichokiokota mapema kinakuja kuwa na maana. Shangazi aliupenda ubao ule kuliko kitu kingine chochote; alikuwa akitaja washukiwa kabla sijamaliza kumtafsiria.

Lugha, kwa kweli, ni mtihani. Nilitafuta “bow” kwa dakika kumi nikidhani ni upinde, kumbe ni utepe uliofungwa kama kipepeo. “Bat” ni popo leo, kesho ni gongo la kuchezea mpira. Ukikwama usianze kubofyabofya ovyo, kwani baadhi ya gemu hukuadhibu kwa kukizungusha kishale au kukifungia kwa muda. Chagua kiwango chepesi, na kitufe cha msaada, kile kinachokuonyesha kitu kilipo, kitajijaza upesi baada ya kukitumia. Na kama unachezea simu, ongeza mwanga: wachoraji wa gemu hizi wanapenda giza, na sindano nyeusi juu ya zulia jeusi haitafutwi, inabahatishwa.

Sasa kuhusu pesa. Gemu nyingi za aina hii hukuruhusu kuonja bure sehemu ya mwanzo. Onja kwa makini. Hesabu zana zinazotupwa baada ya kazi moja, tazama kama unarudishwa mahali palepale bila sababu, jiulize kama unataka kujua nani kafanya. Kama hutaki kujua, futa. Toleo maalumu lenye sura ya nyongeza liache kwanza. Mara nyingi sura ile husimulia jambo la pembeni, na toleo la kawaida linakutosha.

Mwezi uliopita shangazi alinunua miwani. Anasema ni ya kutungia uzi kwenye sindano.