Kabla ya Kuleta Mbwa Nyumbani, Amua Nani Atampikia

Wengi hapa Morogoro hutafuta mbwa wakishaibiwa. Analetwa mtoto wa mbwa ambaye hata kunyonya hajamaliza vizuri, anafungwa mnyororo mfupi nyuma ya nyumba, chakula anapewa na dada wa kazi, usiku anafunguliwa alinde. Mwaka ukipita, mwenye nyumba anashangaa: dada akitokea mbwa anaruka kwa furaha, yeye akitokea anaangaliwa tu. Mbwa humjua anayemhudumia, na raha ya kufuga mbwa humwendea huyo huyo. Kwa hiyo ukitaka mbwa, usimwachie mtu mwingine kazi yote.

Jeki, mbwa wangu wa kienyeji, nampikia mwenyewe kila jioni. Ugali laini wa dona, dagaa, au mapupu na utumbo kutoka buchani. Vitunguu sitii, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa simpi pia, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Ila linaloniuma zaidi ni unga. Tukiona mahindi yameota ukungu, au unga umevunda, tunasema "basi huu wa mbwa". Jamani, sumukuvu huharibu ini la mbwa kama inavyoharibu la mtu, na mbwa wanakufa kwa ajili yake. Unga usioweza kuwasongea wanao, usimsongee na yeye.

Akishakula, tunaingia kwenye kupe. Wakati wa masika kazi hii haina likizo. Jeki analala ubavu kwenye mkeka chini ya mwembe, nami napitisha vidole nyuma ya masikio, ndani ya masikio, kwapani, kisha katikati ya vidole vya miguu, maana huko ndiko wanakojibana wale wadogo kabisa. Kila ninayemng'oa namtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Alipokuwa mdogo alikuwa akivuta mguu na kunung'unika. Siku hizi nikimaliza upande mmoja anajigeuza mwenyewe, anashusha pumzi ndefu, anafumba macho. Mtu ambaye hajawahi kuaminiwa na mnyama kiasi hicho sijui nimwelezeje.

Kupe huleta homa. Mbwa akisusa chakula, akawa mzito kuinuka, mfunue mdomo umtazame ufizi. Ukiwa umepauka, usingoje kesho. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kupulizia nyanya usimmwagie kwa kukisia, maana mbwa wengi wameuawa hivyo na watu waliowapenda. Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuwa na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwingine, anza kwa afisa mifugo wa kata yako.

Chanjo haina mjadala. Ya kichaa cha mbwa anachomwa akifikisha miezi mitatu, kisha inarudiwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Watu wanaokufa kwa kichaa karibu wote, asilimia 99, wamekipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa hapo ni vigumu mno kupona. Kwa hiyo mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Watoto wa mbwa wanahitaji pia chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Hiyo distempa isikupite hivi hivi: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ugonjwa huo ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Sindano ya mbwa wako inawakinga wengi usiowafahamu.

Kuna jambo la majirani. Mtaa wetu una Waislamu wengi, na mate ya mbwa yakimgusa mtu anayekwenda kuswali yanamlazimu kujitoharisha. Hivyo kabla ya adhana ya alfajiri Jeki anakuwa amerudi bandani, na tukitoka kutembea yuko kwenye kamba. Ni heshima ndogo na haikugharimu kitu. Mzee mmoja anayepita getini kwangu kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo, siku hizi huuliza: "Mwanangu, jana usiku mbwa wako alibweka sana, kulikuwa na nini?" Anajua Jeki halindi kwangu peke yangu.

Lakini kilichonifanya niandike haya yote ni mama. Baba alipofariki alibaki peke yake Kilosa, na tukagundua kwamba alikuwa hapiki. Chai na mkate, siku imekwisha. Kaka yangu akampelekea mbwa, jike jekundu lenye sikio moja lililolala. Mama alilalamika wiki nzima. Kisha akaanza kuwasha jiko kwa ajili ya mbwa, maana mbwa hawezi kuambiwa sina hamu. Na jiko likishawaka, mboga nayo inabandikwa. Ukimpigia simu sasa anakusimulia mbwa amefanya nini kabla hujamuuliza hali yake, na sauti yake ina nguvu. Kama una mzazi aliyebaki peke yake, na bado anaweza kuinama na kutembea, lifikirie hili.

Ukisafiri, tafuta mapema mtu wa kukushikia nafasi, na awe mmoja, si leo huyu kesho yule. Aje siku kadhaa wewe ukiwapo, mpike wote, amshike mbwa masikio na miguu hadi azoeleke. Mwonyeshe kadi ya chanjo ilipo, mwachie namba ya daktari wa mifugo, na umlipe kabla hujaondoka, pamoja na hela ya mapupu.