Maswali na Majibu: Mji Upi Una Watu Wengi Kuliko Upi?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: miji yetu inapangwaje kwa idadi ya watu, na kwa nini majedwali yanayoipanga hayakubaliani. Takwimu za Tanzania nitakazozitumia ni za Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na za Kenya ni za sensa ya mwaka 2019, isipokuwa pale nitakapotaja mwaka mwingine.

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa Tanzania. Mwenzangu wa Dodoma amenionyesha jedwali ambalo Mwanza imeshuka chini ya Dodoma na hata Arusha. Nani kati yetu anasema kweli? (Msomaji wa Mwanza)

Nyote wawili mna takwimu sahihi mkononi, ila kila mmoja amepima eneo lake. Kiutawala, Halmashauri ya Jiji la Mwanza inaishia kwenye mipaka ya Wilaya ya Nyamagana, kwa kuwa Ilemela ilitengwa na kuwa manispaa inayojitegemea mwaka 2012. Nyamagana ilihesabiwa kuwa na watu 594,834. Ukiweka idadi hiyo kando ya Jiji la Dodoma lenye watu 765,179 na Jiji la Arusha lenye watu 617,631, basi mwenzako ameshinda. Lakini Ilemela, yenye watu 509,687, ndiko uliko Uwanja wa CCM Kirumba, ndiko uliko uwanja wa ndege wa Mwanza, na nyumba zake zimeungana na za Nyamagana kiasi kwamba mgeni hawezi kuutambua mpaka unapopita. Ukizijumlisha wilaya hizo mbili unapata watu 1,104,521, na Mwanza inarudi nafasi ya pili bila ubishi.

Kwa maoni yangu, anayetaka kujua ukubwa wa mji kama mahali watu wanapoishi, wanapofanya kazi na wanaposafiri kila siku, anapaswa kuzijumlisha Nyamagana na Ilemela. Anayetaka kujua bajeti ya halmashauri moja au idadi ya madawati ambayo mkurugenzi mmoja anatakiwa kuyatafuta, huyo atumie takwimu ya halmashauri. Kosa ni kuchanganya vipimo viwili katika jedwali moja, na kosa hilo ndilo ninalokutana nalo mara nyingi kuliko jingine lolote.

Dodoma nayo ina suala lake, tena linakwenda upande wa pili. Mipaka ya Jiji la Dodoma inazunguka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500, ilhali Mkoa mzima wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393. Ndani ya eneo hilo kubwa mna kata kama Hombolo na Mpunguzi, ambako watu wanalima zabibu na mtama, na hata hivyo wote huhesabiwa kuwa wakazi wa jiji. Arusha ni kinyume chake: mipaka ya jiji ni finyu, na maeneo yenye watu wengi kama Ngaramtoni, Tengeru na Usa River yako nje yake. Hali ni hiyohiyo Mbeya, ambako Jiji lina watu 541,603 bila kuihesabu Mbalizi, mji uliokwisha kuungana nalo kwenye barabara ya kwenda Tunduma. Mpaka uliochorwa na Serikali kwa sababu za utawala ndio unaoamua nafasi ya mji kabla karani wa sensa hajabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza.

Ili kuikwepa tofauti hii, Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mwaka 2020 njia ya kuipima miji bila kufuata mipaka ya utawala. Nchi hugawanywa katika miraba ambayo kila upande wake una kilomita moja. Miraba iliyopakana yenye watu wasiopungua 1,500 kila mmoja huunganishwa, na ikiwa jumla yao inafika 50,000, mahali hapo huitwa jiji, liwe limetangazwa na Serikali au halijatangazwa. Matokeo yake yanaweza kushangaza. Toleo la mwaka 2025 la makadirio ya miji ya Umoja wa Mataifa, lililotumia njia hiyo kwa nchi zote, liliiweka Jakarta nafasi ya kwanza duniani kwa watu wanaokaribia milioni 42 na kuishusha Tokyo, iliyoongoza kwa miongo mingi, hadi nafasi ya tatu kwa watu wapatao milioni 33. Kilichobadilika zaidi hapo ni kipimo.

Nimesoma mahali kwamba Jiji la Dar es Salaam lina watu milioni 1.6, mahali pengine milioni 5.3, na kwingine zaidi ya milioni 7. Tofauti kubwa namna hii inatoka wapi? (Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam)

Takwimu mbili za kwanza zinatoka katika sensa ileile. Mwezi Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi na kuchukua jina hilo. Tangu hapo, kisheria, Jiji la Dar es Salaam ni Ilala, yenye watu 1,649,912. Temeke yenye watu 1,346,674, Ubungo yenye 1,086,912, Kinondoni yenye 982,328 na Kigamboni yenye 317,902 zimebaki manispaa zinazojitegemea. Jumla ya zote tano ni watu 5,383,728, nayo ndiyo idadi ya Mkoa wa Dar es Salaam. Hakuna mkazi wa Mbagala au Mbezi atakayekubali kwamba yeye si mtu wa Dar es Salaam, na mimi nakubaliana naye: anayeilinganisha Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika atumie idadi ya mkoa.

Hiyo milioni 7 ni makadirio, na historia yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu inaonyesha jinsi takwimu nzuri inavyoweza kuzaa matarajio yasiyotimia. Kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012, Dar es Salaam ilikua kutoka watu wapatao milioni 2.5 hadi 4,364,541, yaani kwa wastani wa asilimia 5.6 hivi kwa mwaka. Waliotengeneza makadirio waliichukua kasi hiyo na kuiendeleza mbele. Umoja wa Mataifa, katika toleo lake la mwaka 2018, ulikadiria kwamba mji ulikuwa na watu milioni 6 mwaka huo na kwamba ungevuka milioni 10 ifikapo mwaka 2030. Sensa ya 2022 ilipokuja, ilionyesha kwamba kasi ya mkoa imeshuka hadi asilimia 2.1 kwa mwaka, chini ya wastani wa nchi nzima, ambao ni asilimia 3.2.

Je, watu wameacha kuja Dar es Salaam? Hapana. Tazama Mkoa wa Pwani: ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ukawa na watu 2,024,947. Huko ndiko waliko wanunuzi wa viwanja vya Mkuranga, Kibaha na upande wa Bagamoyo baada ya Bunju. Wengi wao wanaamka alfajiri kuwahi kazini Posta na Kariakoo, wanarudi usiku, na sensa inawaandika kuwa watu wa Pwani. Mji haukusimama, umeuvuka mpaka wa mkoa. Hili linanigusa sana, kwa kuwa mabomba ya maji, barabara na shule hupangwa kwa kufuata mikoa na halmashauri, na mtu anayeishi Vikindu anakuwa mtu wa mjini kwa mahangaiko na mtu wa kijijini kwa huduma. Anayeitumia asilimia 2.1 kudai kwamba shinikizo la Dar es Salaam limepungua hajausoma ukurasa wa Pwani.

Ruiru ina watu wengi kuliko Kisumu na Eldoret, lakini wao ni majiji na sisi si jiji. Kuna haki hapo? (Msomaji wa Ruiru, Kenya)

Hesabu yako ni sahihi. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru watu 490,120, Eldoret 475,716 na Kisumu 397,957. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ilikuwa na watu 570,674, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 iliweka kiwango cha chini cha watu 500,000, na marekebisho ya mwaka 2019 yakakishusha hadi 250,000. Kwa hiyo Ruiru imekwisha kukivuka kiwango hicho.

Idadi ya watu, hata hivyo, ni sharti moja tu. Sheria inadai pia mpango kamili wa maendeleo ya mji, uwezo wa kukusanya mapato, miundombinu na huduma za kutosha, pamoja na namna ya kutupa taka. Kisha maombi hupitia kaunti na Seneti kabla Rais hajatoa hati. Zaidi ya hayo, Ruiru imekua kwa kuegemea Nairobi, ambayo iko umbali mfupi kwenye barabara ya Thika na ilikuwa na watu 4,397,073. Kisumu, kinyume chake, ni kitovu cha eneo lote la ziwa: watu wa kaunti nyingine huifuata kwa hospitali, biashara na vyuo. Nadhani ni sawa kabisa kwamba hadhi izingatie kazi ambayo mji unaifanya kwa majirani zake, si wingi wa vitanda vyake peke yake. Hadhi ni jambo moja na ukubwa ni jambo jingine, na hakuna haja ya jedwali la ukubwa kuiondoa Ruiru kwa sababu tu haijapewa hati.

Mimi ni dereva wa lori. Usiku wa sensa nililala Tunduma, ingawa familia yangu iko Morogoro. Nilihesabiwa wapi? (Msomaji wa Morogoro)

Ulihesabiwa Tunduma. Sensa ya Tanzania huwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti. Wageni walio hotelini, wagonjwa waliolazwa na abiria walio safarini huhesabiwa kwa utaratibu huohuo. Katika mji mkubwa wanaoingia na wanaotoka hufidiana. Katika mji mdogo wa mpakani au wa wavuvi tofauti inaweza kuonekana.

Lubumbashi na Mbuji-Mayi, ipi ni ya pili baada ya Kinshasa? Kila ninapotafuta napata jibu jingine. (Msomaji wa Lubumbashi)

Sensa ya mwisho kufanyika katika nchi yenu ni ya mwaka 1984, wakati ikiitwa Zaire, na Kinshasa ilikuwa na watu wapatao milioni 2.6. Kila idadi unayoisoma leo kuhusu mji wowote wa Kongo ni makadirio: ama kasi ya kale imeendelezwa miaka arobaini mbele, ama watafiti wamehesabu mapaa ya nyumba katika picha za setilaiti, wakapata wastani wa watu kwa kila nyumba katika mitaa michache waliyoitembelea, kisha wakazidisha. Njia ya pili naiamini kuliko ya kwanza. Hata hivyo, kosa dogo katika wastani wa watu kwa kila nyumba linatosha kuongeza au kupunguza watu laki kadhaa, na miji miwili inayokaribiana hivyo hubadilishana nafasi kulingana na mkadiriaji. Ushauri wangu ni kuiandika miji hiyo katika kundi moja, la miji mikubwa inayoifuata Kinshasa kwa mbali, bila kuipa namba ya pili na ya tatu. Mashariki, ambako vita vimewasukuma watu kuingia na kutoka Goma kwa maelfu ndani ya siku chache, hata makadirio ya mwaka jana hayafai kutegemewa.

Wanafunzi wangu walikokotoa kwamba Dodoma inakua kwa asilimia 8.6 kwa mwaka. Kitabu kinasema pungufu ya hapo. (Mwalimu wa Jiografia, Tanga)

Waliichukua tofauti kati ya 410,956 ya mwaka 2012 na 765,179 ya mwaka 2022, wakapata ongezeko la asilimia 86, kisha wakaligawa kwa miaka kumi. Tatizo ni kwamba walioongezeka mwaka wa kwanza nao huongezeka mwaka wa pili, kwa hiyo kasi hujilimbikiza. Ukikokotoa kwa ulimbikizaji unapata asilimia 6.4, na kwa fomula endelevu, inayochukulia kwamba watu huongezeka kila wakati na si mara moja kwa mwaka, ambayo ofisi za takwimu huipendelea, unapata 6.2. Bado ni kasi kubwa, na uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia shughuli za Serikali Dodoma una sehemu yake. Waulize pia wanafunzi wako waukokotoe mji wenu: Tanga ilitoka 273,332 ikafika 393,429, na kwa fomula endelevu wanapaswa kupata asilimia 3.6.

Mombasa na Mwanza, ipi kubwa? (Msomaji wa Likoni)

Mombasa, ukizingatia miaka. Ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019, na Mwanza, kwa maana ya Nyamagana na Ilemela, 1,104,521 mwaka 2022. Si halali kuzilinganisha kabla ya kuisogeza Mombasa miaka mitatu mbele. Kwa kasi yake ya asilimia 2.5 tangu sensa ya 2009, ilipokuwa na watu 939,370, Mombasa ingekuwa na watu wapatao milioni 1.3 mwaka 2022. Mwanza lakini ilikua kwa asilimia 4.5 kwa mwaka, na kasi zote mbili zikibaki hivyo itaifikia Mombasa karibu na mwaka 2030. Kumbuka pia kwamba idadi ya Mombasa ni ya kaunti, inayoihusisha Likoni yenu lakini inaiacha Mtwapa upande wa Kilifi. Nchi zetu zimezoea kufanya sensa kila baada ya miaka kumi; Kenya ikiufuata utaratibu huo itahesabu mwaka 2029 na Tanzania mwaka 2032, na hapo ndipo swali lako litakapoweza kujibiwa kwa hesabu badala ya makadirio.