Vidole vyeupe alfajiri

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Kibosho, Kilimanjaro. Mwaka jana niligundulika nina lupasi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Tangu Juni, nikienda kukamua ng'ombe alfajiri, vidole vinakuwa vyeupe kama mshumaa, halafu vya samawati. Nikiota moto vinakuwa vyekundu na kuuma. Shangazi yangu naye alikuwa na lupasi, na wifi zangu wanasema ni mkosi wa ukoo wetu. Nina binti wa miaka 12. Nimpeleke akapimwe jeni? (Mimba nyingine mbili ziliharibika, ya miezi minne na ya mitano.)
Mama Binti Mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Habari ya mimba umeiweka kwenye mabano, na ndiyo iliyonifanya nifute miwani nisome tena. Nitaifikia.

Lupasi hufuata ukoo, lakini si mkosi. Jeni zinazohusishwa nayo ni zaidi ya 100, kila moja ikichangia kidogo. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Kumpima binti jeni hakutakuambia kama ataugua. Hela yako ya kahawa iache. Akivimba viungo au akitoka vipele mashavuni baada ya jua, hapo mpeleke.

Vidole vyako vina hali iitwayo Raynaud: mishipa midogo hujikaza kwa baridi, damu haifiki. Ile rangi nyekundu ni damu inaporudi. Baridi ya Julai ya mlimani naijua, nimechuma kahawa ndani yake. Vaa glovu ukiwa bado ndani, na fulana ya joto kifuani, maana mwili ukipoa vidole hupoa kwanza. Maji ya kuoshea kiwele yawe ya uvuguvugu. Na kama unanusa ugoro (akina mama wa kwetu nawafahamu), acha, tumbaku hukaza mishipa. Kidole kikitoka kidonda, usingoje.

Sasa mimba. Baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili za antifosfolipidi, zinazofanya damu igande ovyo. Ikiganda kwenye kondo la nyuma, mimba huharibika. Mguuni, mguu huvimba. Kwenye ubongo, ni kiharusi. Mimba mbili kufikia miezi hiyo kisha kuharibika, hilo siliiti bahati mbaya. Omba kipimo cha kingamwili hizo kliniki kwako au hospitali ya KCMC, Moshi. Kikionyesha zipo, kinarudiwa baada ya wiki 12. Kabla ya majibu, usinywe vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Kitanzi cha shaba ni salama zaidi. Zikithibitika, mimba ijayo hulindwa kwa aspirini ya dozi ndogo na sindano za heparini, zinazozuia damu kuganda. Na haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, kama umeandikiwa, usiiache hata ukiwa mjamzito.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au mdomo ukienda upande, nenda hospitali papo hapo.

Siku ya kliniki, nenda na mume wako aingie ndani asikie. Wifi zako wapate habari kutoka kwa kaka yao.