Jibu: Wenzangu hawaelewani kwa siasa, ila kwenye mikeka wanacheka pamoja

Ndugu, umeuliza kama ujiunge na gumzo la mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi, ofisini kwenu, ilhali wewe hubeti, kwa kuwa ndilo pekee linalowafanya wenzako wa mirengo miwili wasemezane. Jiunge na gumzo, pesa yako ibaki mfukoni.

Hali hiyo Wakenya tunaijua. Mwaka 2022 tulipiga kura Agosti 9, matokeo ya urais yakatangazwa Agosti 15, na katikati ya siku hizo ambapo neno moja lingeweza kuvunja urafiki wa miaka, Brentford iliifunga Manchester United mabao 4-0, yote yakiingia kabla ya mapumziko. Jumatatu asubuhi, watu waliokuwa wakikwepana kwenye ngazi walionyeshana simu zenye mikeka iliyochanika, yaani iliyopoteza, na aliyechaniwa na United alihurumiwa na pande zote mbili (mashabiki wa Arsenal hawakuhurumia mtu).

Hata usipobeti, una la kuchangia: uliza timu gani imemchania mwenzako, au pigeni hesabu pamoja. Mkeka wa mechi tano zenye odi (kizidishio cha dau) ya 1.50 kila moja hulipa takriban shilingi 759 kwa dau la 100, lakini hata kama kila timu ina nafasi ya asilimia 60 ya kushinda, zote tano kuitika ni chini ya asilimia 8.

Wakianza kuwekeana dau juu ya mshindi wa uchaguzi, hapo badilisha mazungumzo mara moja.